Kadi ya Chama na Cheo cha Jeshi: Afisa wa JWTZ Anaingiaje Kwenye Siasa?

Anayefuatilia siasa za Tanzania huzoea haraka majina yanayotanguliwa na vyeo vya kijeshi. Kanali mstaafu Abdulrahman Kinana alikuwa Katibu Mkuu wa CCM kuanzia 2012 hadi 2018. Luteni mstaafu Yusuf Makamba alikalia kiti hicho hicho miaka michache kabla yake. Kapteni mstaafu George Mkuchika na Kapteni mstaafu John Chiligati wote wamewahi kuwa mawaziri. Juu yao yupo Luteni Kanali mstaafu Jakaya Mrisho Kikwete, Rais wa Awamu ya Nne.

Ibara ya 147 ya Katiba, kwa upande mwingine, inasema bila kupindapinda kwamba ni marufuku kwa mwanajeshi yeyote kujiunga na chama chochote cha siasa. Ameachiwa haki moja tu, ya kupiga kura. Na "mwanajeshi" hapo si wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) peke yake. Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa wamo pia.

Sasa hawa makanali na makapteni walitokea wapi? Wengi hujibu kwamba walistaafu, kisha wakaingia kwenye siasa. Kwa baadhi yao ni kweli. Kwa wale waliofika juu kabisa, jibu hilo linageuza mambo kichwa chini miguu juu. Hao walikuwa wanasiasa tangu mwanzo, na jeshi lilikuwa mojawapo ya vituo vyao vya kazi. Mwaka 1992 sheria iliwaambia wachague upande mmoja, na wakachagua.

Ili hilo lieleweke inabidi turudi nyuma hadi Januari 1964.

Maasi yaliyozaa jeshi lenye kadi

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliwakamata maofisa wao Waingereza na kuingia mjini Dar es Salaam. Walikuwa askari wa Tanganyika Rifles, jeshi lililorithiwa kutoka kwa mkoloni likiwa na maofisa wake, mishahara yake na mila zake. Madai yao yalikuwa mawili: mishahara ipande, na Waingereza waondoke ili Waafrika washike vyeo. Mwalimu Nyerere alifichwa, na Oscar Kambona, aliyekuwa na dhamana ya mambo ya nje na ulinzi, ndiye aliyekwenda kuzungumza nao. Maasi yakasambaa hadi Tabora. Tarehe 25 Januari makomandoo wa Uingereza walishuka kutoka kwenye manowari na kuyazima kwa saa chache. Kenya na Uganda nazo zilikumbwa na maasi ya namna hiyo wiki hiyo hiyo.

Kwa Nyerere ile ilikuwa fedheha kubwa: kiongozi wa nchi huru kuokolewa na askari wa mkoloni wa juzi. Wenzake wa Nairobi na Kampala waliadhibu wakosaji na kuendelea na majeshi waliyokuwa nayo. Yeye alilivunja jeshi zima na kuanza upya. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na askari wake wa kwanza wengi walitoka kwenye Umoja wa Vijana wa TANU. Uongozi akakabidhiwa Mrisho Sarakikya, mmoja wa maofisa wachache wa Kitanganyika waliokuwa wamesomea Sandhurst.

Hoja ya Mwalimu ilikuwa kwamba askari asiye na siasa si salama, kinyume na Waingereza walivyofundisha. Askari wa Colito hawakuwa na siasa, na waliasi. Basi mwanajeshi awe mwananchi kamili, awe na kadi ya chama, ajue nchi inakwenda wapi na kwa nini. Hatua kwa hatua mfumo ukajengwa. TANU, na baada ya 1977 CCM, ilifungua matawi ndani ya kambi. Majeshi yakahesabiwa kama mkoa wa kichama, yenye wajumbe wake kwenye vikao vya taifa. Vikosini wakawekwa makamisaa wa siasa, maofisa ambao kazi yao haikuwa mizinga wala magari bali itikadi, nidhamu ya kisiasa na mahusiano ya kikosi na chama.

Makamisaa ni wa kuwatazama kwa makini, kwa sababu bila wao mengi yaliyofuata hayaelezeki. Kamisaa alivaa gwanda na kupigiwa saluti kama afisa mwingine. Lakini kutwa alikuwa akifanya kazi ya mwanasiasa: anahutubia, anafundisha, anasuluhisha, anasikiliza manung'uniko ya askari na kuyapeleka juu kwa lugha inayokubalika. Wanajeshi wa nchi nyingi hukutana na kazi ya kushawishi watu baada ya kustaafu, tena wengi huanguka hapo, maana mpiga kura hapokei amri. Kamisaa alikuwa ameizoea akiwa bado kambini.

Mfumo huo haukuwa kinga ya kila kitu. Mwaka 1983 wanajeshi na raia kadhaa walikamatwa kwa njama za kuipindua serikali, na kesi ya uhaini ikafuata. Hata hivyo, kwa ukanda ambao Uganda ilimpata Idi Amin mwaka 1971 na Burundi ikatawaliwa na maofisa mmoja baada ya mwingine, Tanzania haijawahi kupinduliwa na jeshi lake. Kama sifa ni ya makamisaa, ya hulka ya Mwalimu au ya mambo mengine, watu wataendelea kubishana. Mimi nadhani kadi ya chama ilisaidia, na pia ilikuwa na gharama ambayo ilikuja kulipwa baadaye.

Kikwete: kada aliyevaa gwanda

Njia ya Kikwete inaonyesha mambo hayo vizuri kuliko maelezo ya jumla. Alizaliwa Msoga mwaka 1950 na kumaliza shahada ya uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1975. Kazi yake ya kwanza haikuwa jeshini. Aliajiriwa na TANU kama kada na kupelekwa Singida. Baada ya hapo ndipo akaingia mafunzo ya uofisa Monduli na kupewa kamisheni mwaka 1976. Chama kilipoungana na Afro-Shirazi Februari 1977, alipelekwa Zanzibar kusaidia kuunda mfumo wa utawala wa chama kipya. Miaka ya mwanzo ya themanini alikuwa makao makuu ya CCM, ambako aliongoza idara ya ulinzi na usalama, kisha akaenda Tabora kwa kazi za chama.

Mwaka 1983 alirudi Monduli kwa kozi ya makamanda wa kombania. Alipoimaliza alibakizwa hapo hapo hadi 1986 kama mkufunzi mkuu wa siasa na kamisaa wa chuo. Cheo kilikuwa cha jeshi, lakini somo alilowafundisha maofisa wanafunzi lilikuwa siasa. Kutoka Monduli akapangiwa Nachingwea, halafu Masasi, kwenye kazi za chama wilayani. Tarehe 7 Novemba 1988 Rais Ali Hassan Mwinyi akamteua mbunge na naibu waziri.

Ukizipanga tarehe hizo unaona kwamba hakuna siku ambayo mtu huyu "aliacha jeshi na kuingia siasa" kwa maana ya kawaida. Chama kilimtoa kambini, kikamrudisha, kikamtoa tena, kama mwajiri anavyomhamisha mtumishi wake kutoka idara moja kwenda nyingine. Alikuwa naibu waziri, kisha waziri kamili kuanzia 1990, huku akiwa bado afisa wa JWTZ. Wakati ule hakuna aliyeona ajabu. Chama kilikuwa kimoja na jeshi lilikuwa lake.

Hakuwa peke yake. Sarakikya alipoachia ukuu wa majeshi mwaka 1974 aliingia Baraza la Mawaziri kusimamia utamaduni na vijana. Aliyempokea, Abdallah Twalipo, alipomaliza zamu yake mwaka 1980 akawa Waziri wa Ulinzi. Meja Jenerali Muhiddin Kimario alishika Mambo ya Ndani. Hakuna kati yao aliyeonekana amevuka mpaka, kwa sababu mpaka wenyewe haukuwapo.

Julai 1992

Mwaka 1991 Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi kuuliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi. Wengi mno, kama wanane katika kila kumi, walisema kibaki kimoja. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na serikali ikakubali. Katiba ikafanyiwa mabadiliko ya nane, Bunge likapitisha Sheria ya Vyama vya Siasa Na. 5 ya 1992, na mfumo mpya ukaanza Julai mwaka huo.

Kwa jeshi haya yalikuwa mapinduzi ya kimyakimya. Kwa karibu miaka thelathini askari alikuwa amefundishwa kwamba kuwa na kadi ni sehemu ya uaminifu wake kwa nchi. Sasa aliambiwa kwamba kuwa nayo ni kosa. Matawi ya kambini yakafungwa, mkoa wa kichama wa majeshi ukafutwa. Wale waliokuwa na mguu huku na mguu kule wakatakiwa kuamua. Kikwete aliamua siasa, akastaafu jeshi kwa cheo cha Luteni Kanali.

Hapa ndipo gharama niliyoitaja inapoonekana. Chama tawala kiliingia kwenye ushindani kikiwa na kundi zima la watu walioiva pande zote mbili, wenye elimu, nidhamu ya kazi na mtandao wa kujuana unaofika hadi kambini. Vyama vipya havikuwa na hazina ya aina hiyo. Sheria iliwatenganisha watu na taasisi kwa siku moja, lakini haikuweza kufuta urafiki wa miaka ishirini. Upinzani umelalamikia jambo hilo tangu wakati huo, na sioni namna ya kulikanusha, ingawa sijui pia ni sheria gani ingeweza kulitibu.

Tena mabadiliko hayakuweka muda wowote wa kusubiri. Ibara ya 147 inamzuia mwanajeshi aliye kazini, haimgusi aliyevua gwanda jana. Kikwete alistaafu 1992. Mwaka 1995 alikuwa Dodoma akiwania kuteuliwa na CCM kugombea urais, akaongoza raundi ya kwanza na kupitwa na Benjamin Mkapa kwenye ya pili. Miaka mitatu tu kutoka jeshini hadi hatua moja ya kuwa mgombea wa chama tawala. Marekani, kwa mfano, ambayo haina marufuku ya namna ya 147, ina kanuni kwamba anayeteuliwa kuwa Waziri wa Ulinzi awe ametoka kwenye utumishi wa kijeshi angalau miaka saba iliyopita, na siku hizi kumi kama alikuwa jenerali. Bunge lao likitaka kumpitisha aliyetoka karibuni, kama lilivyofanya kwa James Mattis mwaka 2017 na Lloyd Austin mwaka 2021, hulazimika kutunga sheria ya kumruhusu. Kipindi hicho cha kupoa, sisi hatuna.

Mnyororo wa sheria

Tuseme leo kuna Kanali wa JWTZ, yuko kazini, anataka kuwa waziri. Mazungumzo ya vijiweni husema Rais anaweza kumteua tu. Si rahisi hivyo.

Waziri ni lazima awe mbunge. Katiba inasema hivyo kwenye ibara ya 55. Tukiacha wale wachache wanaoteuliwa na Rais, mbunge ni lazima awe mwanachama wa chama cha siasa. Hiyo ni ibara ya 67. Mgombea urais naye, chini ya ibara ya 39, lazima awe mwanachama aliyependekezwa na chama chake. Na mwanajeshi, kwa ibara ya 147, hawezi kuwa mwanachama. Ukiziunganisha ibara hizo, kwa njia ya kura Kanali wetu hapiti mpaka astaafu kwanza, akate kadi, ndipo milango ifunguke.

Hata njia ya mgombea binafsi imefungwa, na hili watu husahau kwamba linamgusa mwanajeshi mstaafu kuliko raia mwingine. Afisa aliyekaa jeshini miaka thelathini bila chama angeweza kusema: mimi ni mtu wa taifa zima, sitaki chama, nipeni kura kwa rekodi yangu. Nchi nyingine humruhusu. Tanzania haimruhusu, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika kesi maarufu ya Mchungaji Christopher Mtikila, iliamua Juni 2013 kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Kwa hiyo mtu aliyekatazwa vyama maisha yake yote ya kazi, siku ya kwanza ya kustaafu akitaka uongozi wa kuchaguliwa, ni lazima ajiunge na kimojawapo.

Kustaafu kwenyewe nako si barua ya siku moja. Kamisheni hutolewa na Rais kwa nafasi yake ya Amiri Jeshi Mkuu, na afisa anayetaka kutoka kabla ya muda wake huomba na kusubiri ruhusa. Mtumishi wa benki au mwalimu wa shule binafsi anaweza kuandika notisi Ijumaa na Jumatatu akachukua fomu ya ubunge. Afisa hawezi.

Uteuzi usiohitaji kadi

Mnyororo huo una pengo, na ndipo wanajeshi wengi wanaoonekana kwenye utawala leo wanapopitia. Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais na hahitaji kuwa mbunge. Mkuu wa Wilaya vivyo hivyo. Balozi pia. Miaka ya karibuni tumeona maofisa wa JWTZ wakipelekwa mikoani, hasa ya mpakani: Brigedia Jenerali Marco Gaguti alikuwa Kagera, Meja Jenerali Charles Mbuge akaja baada yake, na Meja Jenerali Suleiman Mzee alitoka kuwa Kamishna Jenerali wa Magereza akapelekwa Mara.

Kwa kazi ya usalama hilo lina mantiki. Mkuu wa Mkoa ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya mkoa, na mikoa yenye wakimbizi, magendo au silaha zinazovuka mpaka inahitaji mtu anayeielewa ramani. Ugumu unakuja kwenye nusu ya pili ya kazi. Mkuu wa Mkoa ni mwakilishi wa Rais, na katika utaratibu wa CCM wakuu wa mikoa wanaotokana na chama hicho huwa wajumbe wa kamati ya siasa ya mkoa. Husimamia utekelezaji wa ilani ya chama tawala na kutoa taarifa zake kwenye vikao. Afisa aliyeko kazini, aliyekatazwa na Katiba kuwa na kadi, anakaa wapi kwenye kikao hicho? Kama mwalikwa? Kama mtaalamu? Mwananchi anayemwona Brigedia kwenye jukwaa lenye bendera za kijani hana namna ya kutofautisha.

Sisemi kwamba maofisa hao wamevunja sheria. Ninachosema ni kwamba 1992 ilitenganisha jeshi na chama kwa kuangalia kadi peke yake, na kadi si mahali pekee ambapo jeshi na chama hukutana.

Majenerali wenyewe waliishia wapi?

Watu wengi hudhani cheo kikiwa kikubwa ndivyo mlango wa siasa unavyokuwa mpana. Historia ya Tanzania inaonyesha kinyume chake. Washindi wa vita vya Kagera, waliolipeleka jeshi hadi Kampala Aprili 1979, walikuwa na umaarufu ambao mahali pengine ungegeuzwa chama cha siasa ndani ya mwezi mmoja. Jenerali David Musuguri alikuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988, akastaafu, akarudi kwao Butiama na kuishi huko hadi alipofariki mwaka 2024. Silas Mayunga, ambaye askari walimwita Mti Mkavu, alikwenda kwenye ubalozi.

Wakuu wa Majeshi waliostaafu ndani ya mfumo wa vyama vingi ndio hata hawakukaribia majukwaa. Robert Mboma alikuja kuwa mwenyekiti wa bodi ya TANESCO. George Waitara aliongoza bodi ya TANAPA. Davis Mwamunyange alipewa DAWASA, na Venance Mabeyo, aliyestaafu 2022, akapewa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Umeme, mbuga, maji, mbuga tena. Baadhi ya wenzao wa kabla ya 1992 walipewa wizara, wao wakapewa bodi. Bodi haihitaji ubunge, haihitaji kadi, na inamweka jenerali mstaafu mahali pa heshima ambapo hashindani na mtu.

Waliofika mbali kisiasa walikuwa maluteni, makapteni na makanali, watu wa vyeo vya kati walioanza ukada mapema. Na hata kwao cheo hakikuwa ndicho kilicholeta kura. Kikwete hakurudi kwenye kinyang'anyiro mwaka 2005 kwa nguvu ya kamisheni. Alirudi na kile ambacho kila mtu alikiita "mtandao", kundi la marafiki na wapiga kampeni walioanza kukusanyika tangu 1995, na miaka kumi ya Mambo ya Nje iliyomfanya jina na sura yake vijulikane. Aliteuliwa na CCM Mei 2005 kati ya wagombea 11 na kushinda uchaguzi wa Desemba kwa zaidi ya asilimia 80. Kwenye kampeni alivaa kijani na njano kama kada yeyote. Kichekesho ni kwamba baadaye magwanda ya khaki yalipoanza kujaa kwenye mikutano ya siasa, waliyavaa raia wa Chadema.

Cheo kilikuja kuonekana baadaye, kwa namna ya kiitifaki. Rais ndiye anayetunuku kamisheni kwa maofisa wapya Monduli: gwaride la kuhitimu limejipanga, maofisa wanafunzi wamesimama wima, Amiri Jeshi Mkuu anatamka kwamba anawatunuku cheo cha Luteni Usu, wanakula kiapo. Nyerere alikuwa mwalimu, Mwinyi mwalimu, Mkapa mwandishi wa habari. Kikwete alikuwa wa kwanza kusimama pale akiwa mwenyewe amewahi kuvishwa nyota uwanjani, na amewahi kufundisha chuoni hapo. Alikaa mihula miwili, akakabidhi Novemba 2015.

Majirani

Uganda imechagua njia tofauti kabisa: jeshi lina viti bungeni. Katiba ya 1995 inatoa nafasi kwa wawakilishi wa jeshi, na kwa miaka mingi wamekuwa kumi, huku Katiba hiyo hiyo ikilitaka jeshi lisiegemee chama. Mwaka 2005 Brigedia Henry Tumukunde, mmoja wa wawakilishi hao, alikosoa hadharani mpango wa kuondoa ukomo wa mihula ya urais. Akalazimishwa kujiuzulu ubunge, akakamatwa. Miaka ilipopita alipandishwa hadi Luteni Jenerali, akastaafishwa, akawa waziri, na mwaka 2021 akagombea urais dhidi ya bosi wake wa zamani. Kizza Besigye, Kanali, alimtangulia kwenye njia hiyo mwaka 2001, na Meja Jenerali Mugisha Muntu alikuwa naye kwenye karatasi ya 2021. Kule suala la kuruhusiwa kustaafu lenyewe limekuwa silaha. Jenerali David Sejusa alifika mahakamani kudai aachwe atoke jeshini. Rais Museveni naye alistaafu jeshi mwaka 2004, uchaguzi wa vyama vingi ukikaribia.

Kenya iko karibu zaidi na kile ambacho watu hukifikiria wanaposikia "mwanajeshi aliyeingia siasa". Jackson Mulinge, aliyewahi kuwa mkuu wa majeshi, aligombea ubunge Kathiani mwaka 1992 na kushinda. Meja Jenerali Joseph Nkaissery aliingia bungeni mwaka 2002 kutoka Kajiado ya Kati, na mwisho wa 2014 akawa Waziri wa Usalama wa Ndani hadi alipofariki Julai 2017. Walimaliza jeshi, wakarudi nyumbani, wakaomba kura kwa watu wao.

Kuna kundi la tatu ambalo halipaswi kuchanganywa na haya: maofisa wanaochukua nchi kwa bunduki, kisha wanavua gwanda ili wagombee. Chad iliona hilo mwaka 2024 na Gabon mwaka 2025. Mkataba wa Afrika wa Demokrasia, Uchaguzi na Utawala wa 2007 unakataza waliofanya mapinduzi kugombea uchaguzi wa kurudisha utawala wa kiraia, na haujawazuia.

Baada ya kizazi cha makamisaa

Julai 2024 Kinana aliachia nafasi ya Makamu Mwenyekiti wa CCM Bara. Alikuwa miongoni mwa wa mwisho wa kundi lile kushika nafasi ya juu kabisa kwenye chama. Afisa aliyetoka Monduli baada ya 1992 hakufundishwa na kamisaa wala hakuhudhuria kikao cha tawi kambini, na chama hakikumhamisha kutoka kombania kwenda wilayani na kumrudisha. Akitaka kuingia Ikulu, au hata Bungeni, itabidi kwanza astaafu, kisha aende kwenye tawi la mtaani kwake alipe kiingilio na ada kama mwanachama yeyote mpya. Halafu asimame kwenye kura za maoni mbele ya wajumbe ambao wapinzani wake wamekuwa wakiwajua kwa majina tangu wakiwa kwenye umoja wa vijana.